Vakyumu ya ukutani: weka mabomba sasa, au baki na fagio?

Wasomaji wanauliza, mafundi wetu wanajibu

SWALI: Shikamooni. Tunajengewa nyumba hapa Edmonton, Kanada: besimenti na ghorofa mbili juu yake, jumla kama futi za mraba 2,200. Fremu ya mbao imeshasimama, na bodi za jipsamu zitapigwa baada ya wiki mbili. Mjenzi anauliza kama tunataka mabomba ya vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi), ile ya kujengea ukutani. Ngazi na vyumba vya juu vitakuwa na zulia, na mtoto wetu wa pili ana pumu. Baba watoto anasema ni anasa. Je, inalipa?
Mama wa Wawili, Edmonton

JIBU: Marahaba, mama. Kwa kuwa wiki mbili si nyingi, tuanze na jibu: wekeni mabomba sasa. Mashine yenyewe inaweza kusubiri hata miaka mitatu, mkipata nafasi mtanunua. Leo fundi anapitisha bomba kwenye ukuta ulio wazi. Bodi zikishapigwa, bomba hilohilo litadai kutoboa, kuziba na kupaka rangi upya, na hapo ndipo baba watoto atakuwa amesema kweli.

Mfumo huu ni mota moja kubwa inayofungwa gereji au besimenti, mabomba ya plastiki yanayopita ndani ya kuta, na matundu machache yenye vifuniko. Unatembea na mpira tu, yaani bomba laini la kufyonzea. Ukiuchomeka kwenye tundu, mota inawaka huko iliko. Faida yake kubwa kwenu ni ngazi yenye zulia, ambayo ni taabu kuifanyia usafi huku umeshika mashine nzito mkono mmoja. Faida ya pili ni kwamba hewa iliyofyonzwa inaweza kutupwa nje ya nyumba, badala ya kurudishwa chumbani na vumbi laini lililopenya kwenye chujio, kama zifanyavyo mashine nyingi za bei nafuu za kukokota.

Lakini msiinunue kama dawa ya pumu. Mashine nzuri ya kukokota, yenye chujio la HEPA (linalonasa vumbi laini sana) na isiyovujisha hewa pembeni, inakaribia kufanya kazi hiyohiyo. Mashuka na foronya bado zitataka kufuliwa kwa maji ya moto. Na kama mkataba unaruhusu, likataeni zulia la chumba cha mtoto, muwekewe sakafu ngumu. Hilo litamsaidia kuliko vakyumu ya aina yoyote.

Sasa matundu. Mpira wa kawaida una urefu wa futi 30, yaani mita 9 hivi. Chukueni kamba ya mita 9, mwende kwenye nyumba yenu isiyo na bodi, mmoja ashike ncha mahali panapopendekezwa tundu, mwingine atembee hadi kila kona, akizunguka pale patakapokaa kitanda na kochi. Kona isipofikiwa, tundu lihame. Kwa nyumba ya ukubwa huo matundu matatu au manne kwa kawaida yanatosha: moja kila ghorofa karibu na ngazi, na moja gereji kwa ajili ya gari. Msikubali tundu nyuma ya mlango unaofunguka ukalifunika, wala pale kabati litakaposimama. Kuta za nje pia ziepukeni, kwa sababu bomba litachukua nafasi ya sufi ya kuzuia baridi na kutoboa karatasi ya kuzuia unyevu. Edmonton si mji wa kuchezea vitu hivyo.

Bomba la kazi hii lina kipenyo cha nje cha inchi 2 na ukuta mwembamba. Si bomba la maji taka la inchi 2, ambalo nje lina karibu inchi 2 na tatu ya nane. Vifaa vya moja havishiki kwenye jingine. Fundi bomba akiwaambia atatumia mabaki ya kazi ya choo, mkataeni. Kona nyingi za bomba la maji taka ni kali mno kwa kazi hii.

Nguzo za ukuta wenu za mbili kwa nne zina upana halisi wa milimita 89. Tundu la kupitisha bomba ni kama milimita 57, kwa hiyo zinabaki milimita 32 tu za mbao. Kwa nguzo inayobeba mzigo hilo halikubaliki. Ndiyo maana fundi anayejua kazi hulaza mabomba kati ya maboriti ya dari ya besimenti, kisha huyapandisha wima ndani ya uwazi wa ukuta, akitoboa mbao ya chini na ya juu tu. Hapo bomba linapopita karibu na uso wa mbao, apige bamba la chuma, maana skrubu moja ya bodi ikitoboa bomba, hamtajua hadi siku mtakaponunua mashine.

Kona zote ziwe za mzunguko mpana, isipokuwa moja: ile iliyo nyuma tu ya tundu. Hiyo inawekwa kali kwa makusudi. Kitu kikikwama, kikwame pale, ambapo mnafungua kifuniko na kukitoa kwa mkono. Kilichopita kona ile kitapita njia yote. Tii (maungio ya njia tatu) zielekee mashine. Tawi linalojiunga na bomba kuu lililolala liingilie juu au ubavuni, kamwe si chini, la sivyo takataka zinazopita zitadondokea humo na kulundikana.

Kwenye gundi ndiko kazi nyingi zinakoharibikia, na kosa lake halionekani kwa nje. Bomba likatwe mraba, kisha makapi ya msumeno yakwanguliwe kwa kisu ndani na nje. Gundi ipakwe nje ya ncha ya bomba, isipakwe ndani ya kifaa. Ikipakwa ndani ya kifaa, bomba linaposukumwa linaikusanya mbele yake, inamwagikia njiani na kukauka kama ukingo wa mshumaa. Miezi sita baadaye kijiti cha kuchokolea meno kinapita, kinajipachika kwenye ukingo ule kwa mshazari. Unywele unajifunga kwenye kijiti, manyoya ya zulia yanashika unywele, na siku kipande cha karatasi kinapofika hapo, njia imefungwa. Simameni muangalie fundi akipaka gundi angalau maungio mawili.

Pamoja na bomba unakwenda waya mdogo wa nyuzi mbili, namba 18, wa volti 24, unaofungwa bombani kwa vibanio. Huo ndio unaowasha mota kutoka tundu lolote. Zaidi ya huo, mwambieni fundi umeme mapema mambo mawili. La kwanza, mota ipate soketi yake yenyewe yenye breka yake. La pili, kila tundu litakalohudumia zulia liwe na soketi ya volti 120 karibu, sentimita 15 hivi. Zulia halisafishwi kwa kuvuta peke yake. Linahitaji brashi inayozunguka kwa umeme, na umeme huo unapita kwenye mpira. Zipo brashi zinazozungushwa na upepo, lakini zinakula nguvu ileile ya kuvuta, na kwenye zulia nene zinachoka haraka. Watu wengi wanaosema mfumo huu hausafishi zulia waliupata bila brashi ya umeme.

Mota ikifungwa gereji, tundu bomba linapopenya ukuta wa nyumba lizibwe kwa silikoni ya kuzuia moto na moshi, ili hewa ya gari isiingie ndani. Bomba la kutolea hewa liende nje, mbali na mahali nyumba inapovutia hewa yake safi. Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji: mashine hii hutoa nje kama futi za ujazo 100 za hewa kila dakika. Nyumba ikiwa imebana na hita ya maji ni ya gesi yenye bomba la moshi la kawaida, mvuto huo unaweza kurudisha moshi ndani. Muulizeni mjenzi ni hita ya aina gani. Kama ni hiyo, fungueni dirisha kidogo mnapofanya usafi, na king'ora cha kaboni monoksaidi (gesi ya sumu isiyo na harufu) kiwepo.

Kabla ya bodi, fanyeni jaribio. Zibeni matundu yote, unganisheni vakyumu ya karakana mwisho wa bomba kuu, iwasheni, kisha mmoja atembee akisikiliza kila ungio. Mvujo una mlio wa "sss" mwembamba. Halafu pigeni picha za kuta zote zikiwa na futi kamba imeshikizwa pembeni, ili mtu asije akapigilia msumari wa picha kwenye bomba.

Siku ya kununua mashine, msiangalie boksi linalosema "kwa nyumba ya futi 5,000". Angalieni wati za hewa, kipimo kinachounganisha nguvu ya mvuto na wingi wa hewa. Kwenu 500 hadi 600 zinatosha. Kwa ajili ya pumu chagueni yenye mfuko, kwa kuwa ya ndoo wazi inakurudishia vumbi lote usoni siku ya kumwaga. Mashine na seti ya mpira na brashi kwa kawaida ni dola 1,000 hadi 2,000, zaidi ya mabomba. Kama hela haitoshi vyote, acheni mashine, msiache mabomba. Na mafundi wasisafishie vumbi la jipsamu humo. Vumbi hilo ni laini kama unga, linaziba chujio na linaweza kuiharibu mota.

SWALI: Habari za kazi. Najenga Kigamboni, nyumba ya chini, vyumba vinne, matofali ya inchi 6, marumaru nyumba nzima. Ndugu yangu aliyeko Marekani anataka kunitumia mfumo wa vakyumu ya ukutani, mashine na vifaa vyote. Nipokee?
Mjenzi, Kigamboni

JIBU: Mshukuru sana, lakini mwombe akutumie kitu kingine. Mashine ya huko ni ya volti 120, na soketi zako ni 230. Utahitaji transfoma ya wati 2,000 au zaidi, nzito na yenye joto, kwa ajili ya kazi inayofanyika dakika ishirini.

Hilo la umeme lina dawa, kwa kuwa mashine za volti 230 zipo. Tatizo ni nyumba yenyewe. Tofali la inchi 6 si fremu ya mbao. Kupitisha bomba la milimita 51 utakata mfereji wa karibu nusu ya unene wa ukuta, na ukiulaza mfereji huo umeudhoofisha ukuta. Njia ya salama ni kulaza mabomba juu ya dari na kushusha matawi wima kwenye kuta zisizobeba mzigo. Inawezekana, ila kifaa kikivunjika, dukani hapa hutakipata, utasubiri mzigo kutoka nje.

Na unasafisha nini? Marumaru haina manyoya ya kushika vumbi. Kwa mchanga wa pwani unaoingia kwa miguu, fagio laini na kupiga deki vinamaliza kazi, na deki inaokota vumbi laini bila kulirusha. Ukitaka mashine kwa ajili ya makochi, busati na gari, nunua ile ya ndoo ya kufyonza vikavu na maji, lita 20 hadi 30. Hela iliyobaki weka nyavu nzuri madirishani na kibaraza chenye mkeka mkubwa mlangoni.

SWALI: Tumehamia nyumba ya zamani Columbus, Ohio, yenye vakyumu ya ukutani. Ghorofa ya chini inavuta vizuri kiasi, juu haivuti kabisa, na tundu moja haliwashi mota. Fundi mmoja alitaka tubadilishe kila kitu.
Baba K., Columbus

JIBU: Usibadilishe kitu kabla ya kupima. Kwanza mfuko na chujio. Kisha mpira: ushikilie wima na udondoshe gololi ndani. Isipotokea chini, kizibo kiko humo, si ukutani. Mpira ukiwa mzima, uchomeke kwenye tundu lililo kwenye mashine yenyewe kama lipo. Ikivuta kwa nguvu pale, mota ni nzima na tatizo liko njiani.

Kwa kuwa chini panavuta, kizibo kiko kwenye tawi la juu. Chomeka mpira tundu la juu, washa, ziba ncha yake kwa kiganja, hesabu mpaka tatu, achia ghafla. Rudia mara kumi au zaidi. Ikishindikana, zima mota, ubandike vakyumu ya kukokota kwenye tundu hilo, uvute kizibo kirudi kilikotoka. Mwisho kabisa ni utepe wa kuvutia nyaya wa fundi umeme, kwa upole. Usimwage maji wala dawa ya kuzibua sinki. Kagua pia ule mpira mwembamba wa kuzuia hewa kwenye vifuniko vya matundu yote. Ukikauka, hewa inaibiwa njiani.

Tundu lisilowasha kwa kawaida lina waya uliokatika au kuchomoka nyuma ya bamba. Fungua skrubu mbili utazame. Mota ikikataa kuwaka kutoka tundu lolote, chomoa waya mdogo kwenye mashine, kisha gusanisha kwa kipande cha waya vile vituo viwili ulipokuwa umefungwa. Ikiwaka, ni waya. Isipowaka, angalia breka na kitufe cha kurejesha. Harufu ya kuungua na cheche nyingi kwa kawaida maana yake brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimeisha, na hapo zinabadilishwa brashi hizo au mota peke yake, mabomba yanabaki.