Mashine ya kumenya viazi: hatua za chuo au karakana za Gerezani moja kwa moja? Jibu langu refu kwa mleta uzi

Mkuu mleta uzi, nimesoma maelezo yako na majibu ya wadau, ngoja na mimi niweke langu ila ni refu, mwenye haraka apite tu. Kwa ambao hawajasoma juu: jamaa kamaliza umakanika, shangazi yake kamuahidi mtaji, anataka kutengeneza mashine ya kumenya viazi awauzie wauza chipsi wa hapa Dar, sasa anauliza afuate zile hatua za usanifu walizofundishwa chuoni moja baada ya nyingine au aende Gerezani akachomelee kitu halafu arekebishe mbele kwa mbele. Na kuna mdau kamjibu "wotafoli ilishakufa, siku hizi ni ajaili tu", yaani wotafoli ni kumaliza hatua moja ndo uende nyingine bila kurudi nyuma, ajaili ni kutengeneza kidogo kidogo huku unarekebisha.

Mimi nimesoma DIT, chuo cha ufundi cha hapa Dar, na tangu nimalize niko karakana, kwanza Gerezani halafu Vingunguti, mashine za juisi ya miwa, za kusaga karanga, na za kumenya viazi zimepita mikononi mwangu. Kwa nilivyoona hilo swali ukilijibu kwa kutaja jina la njia umeshapotea. Swali la kujiuliza ni hapa ulipofika kubadili mawazo kunakula shilingi ngapi. Ukiwa kwenye karatasi unafuta, ukiwa kwenye boksi na mbao unakata tena, ila ukishaipeleka shiti ya stenlesi ikakatwa na kukunjwa hiyo hela imeenda. Kwahiyo zunguka weee wakati kuzunguka hakuna gharama, ukikaribia stenlesi ndo unageuka mtu wa hatua na sahihi.

Huyo mdau wa ajaili simlaumu, ila historia yenyewe haiko hivyo bana. Ule mchoro wa ngazi wa wotafoli watu wanamsukumia Winston Royce, Mmarekani aliyeandika makala kuhusu kutengeneza programu kubwa mwaka 1970, na ndani ya makala hiyohiyo kasema kwenda hivyo ni hatari na kunakaribisha kufeli, kisha akaendelea kuchora mishale ya kurudi nyuma. Ilani ya ajaili ni ya 2001, watu 17 wa programu walikutana Utah kule Marekani. Kinachochekesha sasa, neno skramu, jina la njia mojawapo ya ajaili, linatokana na makala ya Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, ya 1986, na kati ya mifano yao kuna mashine za fotokopi za Fuji-Xerox na Canon na gari la Honda. Vyuma kabisa! Watu wa programu walikuja kuazima baadaye. Tofauti ni kwamba mtu wa programu akibadili mawazo Ijumaa jioni anafuta mistari anaandika mingine, wewe ukibadili mawazo Ijumaa jioni fundi ameshakula hela yake ya kuchomelea na vipande vya shiti dukani havirudi.

Haya tuje kwenye viazi vyenyewe. Kabla hujashika hata penseli nenda kakae kibandani. Usiende na karatasi ya maswali, watakujibu vizuri ili uondoke. Agiza chipsi zako, kaa karibu na anayemenya, kibanda kimoja cha Sinza chenye watu mpaka usiku mnene na kingine cha mtaani huko Tandika au Mbagala. Utamkuta dogo kakalia ndoo iliyopinduliwa, kisu chake kimenolewa mpaka kimebaki chembamba kama utepe, beseni la maji liko mguuni maana kiazi kikishamenywa kikikaa nje kinakuwa cheusi, na macho ya kiazi anayang'oa kwa ncha ya kisu huku anaongea na mtu mwingine wala haangalii. Viazi virefu vilivyopinda anavisukuma pembeni, anavimenya mwisho. Halafu nilichokiona mimi, tajiri mwenye kibanda akipita hatizami viazi, anachota maganda, anayainua juu kwenye mwanga, yakiwa manene anafoka "wewe unanimenyea hela yangu".

Hapo mkuu umeshapewa sharti kubwa kuliko yote na hakuna aliyelitamka. Ukiwauliza mashine iweje watakwambia iwe imara, isile umeme, iwe bei poa, basi. Hakuna atakayekwambia kwamba mashine za kukwangua zinakwangua kiazi chote kwa usawa, kwahiyo kiazi cha mviringo kinatoka safi wakati kile kirefu kimeshapoteza ncha zote mbili, na macho yakiwa na shimo, kuyafikia ni lazima ule nyama ya kiazi. Sasa chukua hayo maneno uyageuze namba. "Isiharibu viazi" igeuke kilo: pima viazi kabla, pima alivyomenya dogo, pima mashine ilivyomenya, wewe uamue utavumilia tofauti kiasi gani. "Bei poa" igeuke shilingi, piga hesabu anamlipa dogo kiasi gani kwa mwezi na mashine itarudisha hela yake baada ya miezi mingapi. Sharti lisilopimika litakuletea ugomvi siku ya kukabidhi.

Umeme nao. Kwenye makaratasi tuna volti 230 na hezi 50, lakini mitaa yenye watu wengi waya mrefu, saa mbili usiku kila mtu kawasha, nenda na mita yako upime kwenye soketi ya kibanda utajionea. Na mota ya kawaida hii ya fezi moja nguvu yake ya kuanzia inashuka kwa mraba wa volti. Chukulia umekuta 180 badala ya 230, umebaki na kama asilimia 61 tu ya nguvu ya kuamsha, dramu limejaa viazi na maji, mota inanguruma haizunguki, joto linapanda, kapasita au waya wa ndani unaungua. Mteja hatosema umeme ulikuwa mdogo, atasema mashine yako mbovu. Ndo maana kwenye orodha ya masharti weka kabisa: iamke kwa volti 180. Ukiliandika hilo mapema linakuchagulia mota, linakuchagulia puli, na linakwambia kwenye kibandiko uandike washa kwanza ndo umwage viazi. Kwa mwendo wenyewe, mota ya poli nne kwetu inakwenda kama mizunguko 1,440 kwa dakika, ukiweka puli ya inchi 2 kwenye mota na ya inchi 10 kwenye shafti unashuka mpaka karibu 290, kwa sahani ya kuzungushia viazi hapo ni pazuri pa kuanzia kujaribu.

Ukishakuwa na masharti ndo uchore mawazo, mengi, hata ya kijinga. Dramu lenye bati la matundu ndani, sahani yenye chenga za kukwangua, brashi za kuviringika, chochote. Kuchagua kati ya hayo tumia jedwali la Stuart Pugh, yule mwalimu wa usanifu aliyekuwa Strathclyde kule Uskochi: unachukua kitu kimoja kinakuwa kipimo, halafu kila wazo unalilinganisha nacho kwa kila sharti, limezidi weka jumlisha, limepungua weka kutoa, sawasawa weka S. Ushauri wangu kipimo chako kiwe dogo na kisu chake, usiweke mashine ya Mchina. Inauma kidogo maana dogo anashinda safu nyingi, hatumii umeme, hali nafasi, viazi vilivyopinda anaviweza, maganda yake membamba. Anashindwa kwenye kasi, na siku ya sikukuu haji. Ukiona jedwali lako dogo hashindi hata sehemu moja, ujue umelijaza kwa mapenzi. Na zile chenga zichunguze mara mbili, gundi ikilegea zinaishia kwenye chipsi za watu.

Baada ya hapo fanya kitu cha aibu. Ndoo ya plastiki ya lita 20, bati la kawaida limetobolewa kwa msumari, upande wenye makali ugeuzie ndani, chini kipande cha mbao cha mviringo kimefungwa kwenye drili ya kuazima, maji kidogo, viazi. Wenzako watakucheka, waache wacheke. Hiyo ndoo ndo ajaili yako yote. Hapo badilisha utakavyo, matundu makubwa, matundu madogo, maji mengi, viazi vichache, ila badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na upime kwa mizani na saa. Watu wanapenda kumtaja James Dyson na prototaipu zake 5,127 (mashine za majaribio) za mashine ya kufyonza vumbi kama hadithi ya uvumilivu, wanaruka sehemu yenye faida kwako, kwamba alikuwa anabadili jambo moja moja ili ajue ni lipi limeleta tofauti. Ukibadili matundu na mwendo siku moja na viazi vikatoka vizuri, utasema shukrani iende wapi? Viazi vyenyewe nunua vya gunia kama wanavyonunua wao, usiende supamaketi kuchagua vya duara vinavyolingana.

Ndoo ikishakubali, hapo breki. Michoro ya vipimo, orodha ya vifaa, bei zake, na mtu mwingine aipitie. Kwenye stenlesi andika gredi kabisa, 304, maana dukani watakutolea sumaku, ikikataa kushika wanakwambia unaona hii ndo yenyewe. Sumaku haishiki 304 vizuri, sawa, lakini na ile 201 ya bei chee haishiki pia, na 201 ikikutana na chumvi na maji kila siku inaanza kutoa kutu mapema. Ukiandika tu "stenlesi" utapewa yoyote.

Kabla ya kukata kaa na fundi wako mfanye zoezi la kufeli, lile ambalo jeshi la Marekani lilianza kuliandikia utaratibu 1949: kila kipande jiulizeni kitafelije, madhara yake yakoje, kinaweza kutokea mara ngapi, na tutakigundua kabla au baada. Kila kimoja kati ya hayo matatu ya mwisho mnakipa alama 1 mpaka 10 mnazidisha, kubwa mnaanza nalo. Kuna mashine ililetwa kwetu kutengenezwa, sitaji ilikotoka, mota imewekwa wima katikati chini ya dramu kwa sababu inapendeza na inaokoa nafasi. Oilsili, ile raba ya kuzuia maji kwenye shafti, ilipochoka maji yakafuata shafti taratibu mpaka kwenye mota, na mwenye mashine kavaa kandambili kasimama kwenye sakafu yenye maji. Kwenye hilo zoezi madhara hapo ni 10 huna mjadala. Dawa yake hata sio ghali, mota inahamia pembeni na mkanda, kwenye shafti chini ya dramu unaweka kisahani kinachozunguka nayo kirushe maji nje yasifike kwenye beringi, na waya wa eathi unaunganishwa kweli. Kwenye karatasi kuihamisha mota ni dakika kadhaa, kwenye fremu iliyokwisha chomelewa ni kukata na grenda upya.

Hela ya shangazi usiichukue yote. Ikae kwake itoke kwa mageti, kuna Mkanada anaitwa Robert Cooper ndo alieneza huo utaratibu kwenye makampuni. Geti la kwanza umpelekee namba za kibandani, la pili matokeo ya ndoo, la tatu michoro na bei, na kila geti shangazi awe na haki ya kusema basi inatosha bila kununiana. Na kabla ya geti la kutengeneza nyingi, dai advansi kwa wateja. Mtu wa Dar ukimuuliza utanunua atakujibu "nzuri sana mwanangu, hata mbili nachukua", ni adabu hiyo, hamaanishi vibaya. Mwambie atangulize hata kidogo uone anavyokumbuka ada za watoto.

Uliuliza pia hataza, ile haki ya kisheria ya uvumbuzi wako. Upande wa bara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, lakini hataza inataka kitu kipya na dramu la kumenya viazi lipo duniani miaka mingi, labda upate namna yako mpya ya lile bati. Jina la biashara na alama ndo nenda ukasajili. TBS, shirika la viwango, nenda kaulize viwango vya mashine zinazogusa chakula wakati bado uko kwenye karatasi. Ukimaliza ile ndoo weka namba za mizani humu, kabla, ya dogo, na ya ndoo, tuzijadili.