Chembe za matairi ndani ya tanuri la chuma: kwa mnaoanza kazi

Ukiingia kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu ukakuta magunia ya chembe za matairi kando ya tanuri la umeme, usidhani ni takataka zinazotafutiwa pa kuteketezwa. Kabla ya kukutanisha taka mbili, uliza kwanza: hii ya pili inashika nafasi ya nini? Kama haishiki nafasi ya kitu ambacho kingenunuliwa, mnachoma uchafu tu.

Hapa raba inashika nafasi ya sehemu ya koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa yakabaki karibu kaboni tupu. Chuma kikishayeyuka, juu yake huelea mavi ya chuma, yaani uchafu ulioyeyuka, yenye oksidi ya chuma (chuma kilichoungana na oksijeni). Kaboni ikipulizwa humo huinyang'anya oksidi hiyo oksijeni. Chuma kinarudi chini, na kaboni monoksaidi inatoka kwa viputo. Viputo hivyo huyaumua mavi kama unga uliotiwa hamira. Povu likiufunika mwali wa umeme unaoyeyusha chuma, joto linaingia kwenye chuma badala ya kuunguza kuta na paa la tanuri. Zoezeni masikio yenu: mwali ulio wazi hunguruma vikali, povu likipanda kelele inashuka. Kwangu mimi hakuna somo la tanuri linalozidi hilo.

Raba ina kaboni nyingi, na hidrojeni yake nayo hufanya kazi ileile. Profesa Veena Sahajwalla na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, ndio walioiendeleza njia hii hadi ikaingia viwandani.

Lakini tairi haliji na kaboni peke yake. Lina salfa, iliyotiwa ili raba iwe imara, na salfa ikizidi kwenye chuma, chuma hupasuka kinapoviringishwa kikiwa cha moto. Jumlisha salfa ya kila kinachoingia, maana hata koki inayo. Lina zinki pia. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 hivi za Selsiasi, na chuma kilichoyeyuka kimepita 1,500, kwa hiyo inageuka mvuke na kuishia kwenye vumbi la vichujio. Vumbi hilo ni taka hatari, ila likiwa na zinki ya kutosha, kuna viwanda vinavyolichukua na kuirejesha. Lihifadhi peke yake, lipimwe.

Nyuzi za chuma zilizobaki kwenye raba hazilidhuru tanuri, lakini huziba bomba la kupulizia, pitisha sumaku. Unyevu nao huziba bomba. Finya chembe kiganjani kabla ya kuzijaza, na zikigandamana, zirudishwe zikaushwe.