Dawa ya umakini kuisha kabla ya mchana, na rafiki anayeomba vidonge

Umeuliza mawili: methilifenideti unayomeza saa 1 asubuhi inakuishia saa 5, je, uongeze kidonge? Na rafiki yako asiye na ADHD (tatizo la umakini na utulivu) anaomba viwili vya kukeshea mitihani.

Dawa yako iko sawa. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa 3 hadi 4, kwa hiyo saa 5 ndiyo mwisho wake. Ukimeza viwili kwa mpigo asubuhi utapata moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na hasira za karibu, na muda hautarefuka kwa kiasi unachotarajia. Andika kwa siku 7 saa uliyomeza, saa ilipoanza kushika, saa ilipoisha, ulichokula na saa uliyolala. Mpelekee daktari karatasi hiyo. Itamsaidia kuliko maelezo ya mdomo. Anaweza kukuandikia dozi ya pili ya mchana, au kidonge kinachotoa dawa polepole kwa saa 8 hadi 12. Dozi hupandishwa kwa hatua, kwa kawaida miligramu 5 hadi 10 kila wiki, huku presha, mapigo ya moyo na uzito vikipimwa.

Hicho cha polepole usikisage wala kukitafuna, maana dawa ya siku nzima itaingia mwilini kwa mara moja. Aina fulani huacha ganda tupu linaloonekana chooni. Usishtuke, dawa imeshatoka. Ukisahau dozi ya asubuhi ukaikumbuka jioni, iache. Usingizi utakaoupoteza utakuvurugia kesho yote.

Rafiki usimpe hata kimoja, nakusihi. Hamjui kama moyo wake una kasoro, wala kama ndani ya siku 14 ametumia dawa za sonona za kundi la MAOI, ambazo zikikutana na hii presha hupaa vibaya. Kukesha kwenyewe kunamwibia usingizi ambao ubongo huutumia kuhifadhi alichosoma. Akichanganya na pombe hatahisi amelewa, ataendelea kunywa. Akisaga na kuvuta puani, dawa hufika ubongoni ghafla, na uraibu hushika upesi kwa njia hiyo. Vyako vifungie, vihesabu kila wiki.

Maumivu ya kifua, kuzimia, kuona au kusikia visivyokuwepo, au uume kusimama zaidi ya saa 4: nenda hospitali saa hiyo hiyo, na ubebe pakiti ya dawa.