Boila inazima na presha imeshuka: anzia hapa

Pole sana dada, baridi ya Leicester, Uingereza, na mtoto mchanga ndani si jambo dogo. Umesema boila, yaani mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto, inawaka kidogo kisha inazima, na mshale wa presha uko 0.4. Ningeanzia hapo kwenye presha. Boila nyingi za majumbani zinahitaji presha ya baa (kipimo cha presha) 1 hadi 1.5 zikiwa baridi; maji yakipungua, inajizima ili isiharibike.

Izime, iache ipoe. Kwa kawaida chini yake kuna kibomba kilichosukwa kwa nyuzi za chuma, chenye koki. Fungua koki hizo polepole, utasikia maji yakiingia. Mshale ukifika 1.2 hivi, zifunge zote, na hakikisha kweli zimefunga. Wengi hukosea hapa: presha inapanda hadi 3 na maji yanamwagika nje kupitia valvu ya usalama. Halafu iwashe upya.

Presha ikishuka tena baada ya siku chache, usizoee kujaza tu. Kuna panapovuja. Pitisha karatasi kavu kwenye viungo vya kila rejeta (chuma cha ukutani kinachopasha chumba joto) uone kama italowa. Ukitoa hewa kwenye rejeta za ghorofani, presha nayo hupungua, kwa hiyo itazame tena.

Kifuniko cha boila usikifungue kabisa, hata shemeji akisema anaweza. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na kama mmepanga nyumba hiyo, matengenezo ni jukumu la mwenye nyumba kisheria. Mwandikie leo. Mkisikia harufu ya gesi, tokeni nje kwanza, kisha pigeni namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999.