Pumzi ile tuliyoidhania: niliyojifunza baada ya baba mdogo kuanguka barazani

Baba yangu mdogo alianguka barazani usiku wa Jumanne, muda mfupi baada ya swala ya Isha, akiwa bado ameshika kete mbili za dhumna mkononi. Tulikuwa wanaume saba pale, na kwa sekunde kadhaa sote tulidhani ameinama kuokota kitu. Tulipomwita asiitikie, mmoja wetu alimmwagia maji usoni, mwingine akamfungua vifungo vya shati na kumpepea kwa pepeo, na jirani akaja mbio na kikombe cha maji ya sukari kwa kudhani kuwa ni kisukari kimemwangusha. Wakati wote huo alikuwa akitoa sauti ya kukoroma: pumzi moja ya kuvuta kwa nguvu, kimya kirefu, kisha nyingine. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisikiliza, akasema kwa upole, "Anakata roho huyu, mtamkisheni shahada." Tukafanya hivyo.

Bajaji ilifika baada ya dakika kama kumi. Tulimketisha katikati yetu, kidevu kimeegemea kifuani, tukaenda naye hospitali. Muuguzi aliyetupokea alimgusa shingoni, akauliza swali moja: "Nani alikuwa anambonyeza kifua?" Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba hilo lilikuwa jambo la kufanywa na watu kama sisi.

Naandika haya hasa kwa ajili ya ile pumzi. Lugha yetu ina jina lake, na jina hilo likishatamkwa mikono ya watu hurudi nyuma, sauti hushuka, na wote walioko hapo huanza kuaga. Baadaye nilifundishwa kwamba mkoromo wa namna ile hutokea katika dakika za mwanzo kabisa baada ya moyo kusimama, na kwamba hautokani na mapafu yanayofanya kazi, bali na sehemu ya chini ya ubongo ambayo bado haijafa. Kwa maneno mengine, dalili tuliyoichukua kuwa ni mwisho ndiyo iliyokuwa ikituambia kwamba bado tuna muda, ingawa mfupi. Wengine hudanganywa kwa njia tofauti: huona kifua kinapanda mara moja moja, wakasema anapumua, wakangoja. Na wapo wagonjwa ambao hutetemeka viungo kwa sekunde chache moyo unaposimama, watu wakasema ni kifafa na kuanza kutafuta kijiko cha kumtia mdomoni.

Kwa hiyo kanuni ninayoomba kila msomaji aishike ni hii: mtu akianguka, ukamtikisa mabega na kumwita asiitikie, na akawa hapumui au anapumua kwa mkoromo wa kukatikakatika, mhesabu kuwa moyo wake umesimama na uanze kumbonyeza kifua mara moja. Usipoteze muda kutafuta mapigo mkononi, maana hata watu waliosomea kazi hiyo hukosea wakiwa katika taharuki. Ukimbonyeza mtu ambaye moyo wake unapiga, ataguna au atakusukuma mkono, nawe utaacha. Ukiacha kumbonyeza mtu ambaye moyo wake umesimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita.

Watu wengi huchanganya shambulio la moyo na moyo kusimama. Katika shambulio, mshipa unaoulisha moyo wenyewe huziba. Mgonjwa hulalamika kifua kubana, hutoka jasho, lakini yu macho na anazungumza, na huyo ndiye wa kukimbizwa hospitali haraka. Moyo kusimama ni hitilafu ya umeme unaouongoza moyo, hata ukabaki kuchezacheza bila kusukuma damu, na mtu huanguka papo hapo. Shambulio linaweza kuleta kusimama huko, lakini mambo haya mawili si mamoja. Aliyesimama moyo hawezi kungoja gari. Damu yake bado ina hewa ya kumtosha kwa dakika kadhaa. Kilichokosekana ni wa kuisukuma, na kazi hiyo mikono miwili inaweza kuifanya.

Mlaze chali kwenye sakafu au ardhi ngumu, kamwe si kitandani wala kwenye godoro. Piga magoti ubavuni pake, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyosha viwiko, kisha bonyeza kwa uzito wa mwili wako hadi kifua kizame sentimita tano au sita. Kiache kifua kirudi juu kabisa kabla ya kubonyeza tena, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mtaje mtu mmoja kwa jina apige simu, kwa sababu ukisema "pigeni simu" kila mmoja atadhani mwenzake amepiga. Tanzania namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, na Kenya namba ya dharura ni 999. Aliyefunzwa atampulizia pumzi mbili mdomoni kila baada ya kubonyeza mara 30. Asiyefunzwa abonyeze tu bila kukoma.

Nilipopata mafunzo, miaka miwili baada ya msiba wetu, nilipiga magoti mbele ya mwanasesere nikaanza kubonyeza kama mtu anayekanda unga wa chapati. Mkufunzi akaniwekea mikono yake juu ya yangu, akasukuma, na ndani ya kifua kile cha plastiki nikasikia mlio mdogo wa springi: taki. "Hapo ndipo damu inapoondoka," akasema. Sikuwa nimewazia kwamba inahitajika nguvu ya kiasi hicho. Mbavu zinaweza kuvunjika, na mbavu huunga. Baada ya dakika mbili mikono ilikuwa ikitetemeka, na ndipo nilipofundishwa kupokezana: kila mmoja dakika mbili, kisha mwingine. Nikapiga hesabu ambayo hainitoki mpaka leo. Watu saba, dakika mbili mbili, ni dakika kumi na nne. Bajaji ilikuja ndani ya kumi.

Sidai kwamba baba mdogo angepona. Hata pale ambapo mambo yamepangwa vizuri, wengi hawaponi. Lakini Denmark, ambako mafunzo haya yaliingizwa shuleni mwaka 2005 na kuwa sharti la leseni ya udereva mwaka 2006, idadi ya waliobonyezwa kifua na watu wa kawaida kabla gari la wagonjwa halijafika ilipanda kutoka takribani asilimia 21 mwaka 2001 hadi asilimia 45 mwaka 2010, na waliokuwa hai baada ya siku 30 wakaongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi karibu 11. Wapenzi wa soka watamkumbuka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, aliyeanguka uwanjani London mwezi Machi 2012 akiichezea Bolton. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, na muda huo wote watu hawakuacha kumsukumia damu na kuushtua moyo kwa mashine. Yu hai.

Sisi wa pwani tuna mambo mawili ya kuongeza. Aliyezama majini hewa ndiyo iliyomwishia kwanza, kwa hiyo kwake pumzi za mdomoni ni za lazima, na vivyo hivyo kwa watoto wadogo. La pili ni kuona haya kugusa kifua cha mwanamke asiye maharimu wako. Kubonyeza hufanyika juu ya nguo, hakuna haja ya kumvua kitu, na masheikh wetu wametufundisha siku zote kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Ningechukia kusikia kwamba dada yangu aliachwa sakafuni kwa kuheshimiwa.

Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza Tanzania na Kenya, na kikundi cha mtaa kinaweza kuchangishana kumleta mkufunzi, kama vile tunavyochangishana kwa shughuli. Ningeanza na waendesha bodaboda, makondakta, walimu wa michezo na watu wa barazani.

Kwetu tumefanya mafunzo haya mara mbili. Mzee yule aliyetuambia tutamkishe shahada ndiye aliyeomba meza ya dhumna isogezwe ili sakafu ipatikane, akapiga magoti kwa shida, akahesabu kwa sauti hadi 30. Wanawake wa mtaa wameomba siku yao, na mkufunzi wa kike atakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao.