Kwa mwanangu, kuhusu kazi aliyoiacha baba yako

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kwa nini, tangu tulipomzika baba yako, ninaendelea kuwasindikiza wajane kwenye baraza la kata kudai mashamba yao, na kama si heri niiache kazi ile, kwa kuwa ilikuwa yake, nihamie kwako Dar es Salaam.

Hapo ndipo tunapotofautiana. Baba yako ndiye aliyesimama na kusema, lakini maelezo ya mashahidi niliyaandika mimi, usiku, ninyi mkiwa mmelala. Na wengi wa wanawake wale walianzia kwangu, kwani yako mambo ambayo mjane hamwelezi mwanamume.

Mfikirie Myrlie Evers wa Mississippi, Marekani. Mumewe, Medgar, katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alipigwa risasi nje ya nyumba yao mjini Jackson usiku wa 12 Juni 1963, mkewe na watoto watatu wakiwa ndani. Wanaomsifu husema kwamba aliupokea mzigo siku ile, ilhali alikwishafanya kazi ya ukatibu katika ofisi ya mumewe miaka mingi. Mwaka 1964 mshtakiwa, Byron De La Beckwith, alishtakiwa mara mbili, na mara zote jopo la wanaume Wazungu watupu lilishindwa kuafikiana. Myrlie alihamia California, akasoma, akalea, lakini nakala ya mwenendo wa kesi ya kwanza hakuitupa. Shauri lilipofufuliwa alimkabidhi mwendesha mashtaka, na tarehe 5 Februari 1994 yule mtu akatiwa hatiani. Mwaka uliofuata Myrlie alichaguliwa mwenyekiti wa NAACP.

Baba yako hakuuawa na mtu, ni maradhi, wala sijilinganishi na mama yule. Ila najua thamani ya karatasi. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini shemeji akishapanda migomba yake shambani, mjane asiye na muhtasari wa kikao cha ukoo hubaki akilia tu. Mihtasari hiyo ninayo mimi, na ninajua nani alitia sahihi na nani alikataa.

Kwa hiyo sihami sasa. Ukija Desemba niletee mafaili magumu, maana haya ya zamani yameliwa na mchwa pembeni, na nafasi kwenye kabati la baba yako bado ipo.

Mama yako