Jibu: Kufunga mirija ya mbegu hakupunguzi homoni za kiume

Mkuu, umeuliza kama mwanaume akifungwa mirija homoni zake zitashuka, kwa kuwa homoni na mbegu vyote vinatoka kwenye korodani. Hapana, hazishuki.

Ndani ya korodani kuna vijirija vyembamba vilivyojikunjakunja, na humo ndimo mbegu zinamotengenezwa. Testosteroni, homoni kuu ya kiume, haitoki humo. Inatoka kwenye seli zilizo nje ya vijirija hivyo, katika nafasi zinazobaki kati ya kimoja na kingine. Zinaitwa seli za Leydig, kwa jina la Franz Leydig, Mjerumani aliyezieleza mwaka 1850. Zimekaa jirani kabisa na mishipa midogo ya damu. Huchukua kolesteroli (ndiyo, hiyo hiyo inayosemwa vibaya kila siku), huigeuza hatua kwa hatua kuwa testosteroni, kisha homoni inaingia kwenye damu moja kwa moja. Mrija anaoukata daktari hupitisha mbegu tu.

Amri ya kuzalisha hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, kupitia homoni iitwayo LH. Ndiyo maana wanaojidunga testosteroni ili wajenge misuli hujiumiza: ubongo ukiona imejaa kwenye damu, LH inashuka, seli za Leydig zinalala, na mbegu zinaweza kupungua hata kuisha.

Kwa wanawake kazi hii ya kutengeneza homoni imegawanywa: seli za nje za kifuko cha yai hutengeneza homoni za aina ya kiume, halafu za ndani huzigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike.